Je, nikate kebo ya antena mpaka SWR ishuke? (bendi ya mita 40, Ilazo, Dodoma)

Mkazi_wa_Ilazo

Salaam wakuu. Naishi Ilazo hapa Dodoma, na mwezi uliopita nilisimamisha antena yangu ya kwanza ya redio ya ridhaa kwa ajili ya bendi ya mita 40. Leseni ninayo, redio ni ya wati 100, na nia yangu ni kuzungumza mchana na wenzangu wa Arusha, Mwanza na Dar es Salaam bila kutegemea mtandao wa simu.

Antena yenyewe ni waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, ule wa milimita 2.5 wenye ganda la plastiki, nilioukata vipande viwili vya mita 10 na sentimita 30 kila kimoja. Katikati nimeipandisha juu ya mrunda, mita 8 kutoka ardhini, na pande zake mbili zinateremka kama paa. Upande mmoja nimeufunga kwenye mwarobaini. Upande wa pili unapita juu ya kona ya bati la nyumba, kama mita moja hivi juu yake, kisha unaishia kwenye ukuta wa uzio. Kutoka kileleni inashuka kebo ya RG-58 yenye urefu wa mita 18, ingawa njia yake halisi hadi kwenye redio haizidi mita 13 na nusu, na kile kilichobaki nimekikunja chini ya meza.

Kwenye megahezi 7.1 mita yangu inaonyesha SWR (kipimo cha wimbi linalorudi kutoka kwenye antena, ambapo 1 maana yake hakuna linalorudi) ya 2.6. Nilipounganisha kipande kingine cha kebo cha mita 2 kati ya mita na antena, ikashuka hadi 1.9. Nikakitoa, ikarudi 2.6. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba dawa ni kuendelea kuongeza au kupunguza kebo shubiri kwa shubiri mpaka mshale ulale kwenye 1. Kebo hii nimeiagiza Dar es Salaam na sina nyingine ya kuchezea, kwa hiyo kabla sijashika koleo naomba mnieleze: urefu sahihi wa kebo kwa antena ya namna hii ni upi, na unakokotolewaje?

Nitaje na mambo mawili ambayo huenda yanahusiana na hili. Nikirusha kwa nguvu zote, kipaza sauti kinanichoma kidogo mdomoni. Pia nikiisogeza kwa mguu ile kebo iliyokunjwa chini ya meza, mshale wa SWR nao unatikisika.

Masafa_Marefu

Karibu sana kijana wangu katika ridhaa hii. Sisi tulioanza zamani tulifundishwa kwamba kebo ikatwe kwa nusu wimbi la umeme au mara mbili au mara tatu yake, na hesabu yake si ngumu. Gawanya 150 kwa masafa unayotaka, upate nusu wimbi angani kwa mita, kisha zidisha kwa 0.66, kwa sababu ndani ya RG-58 wimbi linakwenda kwa asilimia 66 tu ya mwendo wa mwanga. Kwa megahezi 7.1 utapata mita 21 na sentimita 13 angani, na mita 13 na sentimita 94 za kebo. Njia yako ni mita 13 na nusu, kwa hiyo nusu wimbi moja linakutosha kabisa. Kata hapo, na redio itaiona antena kama vile umeichomeka mgongoni mwake moja kwa moja.

Mwalimu_Mpwapwa

Shikamoo mzee Masafa. Hesabu yako ni sahihi hadi sentimita, na hilo la kwamba nusu wimbi hurudia upande wa redio kile kilichopo upande wa antena nalo ni kweli. Ila naomba tumsaidie ndugu yetu wa Ilazo asikate bado, kwa sababu ugonjwa alioueleza hautibiwi kwa koleo la kebo.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaweza kuukokotoa kwenye karatasi. Tuseme antena, pale juu inapopokea kebo, ina impidansi (ukinzani wake kwa umeme wa redio) ya omu 25 kamili, na kebo ni ya omu 50. SWR ni 50 gawanya kwa 25, yaani 2. Ukitumia kebo ya nusu wimbi, yaani zile mita 13 na sentimita 94, redio itaona omu 25, na SWR ni 2. Ukitumia robo wimbi, mita 6 na sentimita 97, kebo itageuza mambo: 50 mara 50 gawanya kwa 25, redio inaona omu 100, na SWR bado ni 2. Ukikata katikati ya hapo, kwenye sehemu ya nane ya wimbi, redio itaona omu 40 zikifuatana na omu 30 za riaktansi (ile sehemu ya impidansi inayorudisha nguvu badala ya kuila). Fanya hesabu, SWR ni ile ile 2. Urefu wa kebo unabadilisha sura ya impidansi, lakini haubadilishi kiasi cha wimbi linalorudi, kwa sababu wimbi hilo linazaliwa juu kule, kwenye maungano ya kebo na antena, na huku chini hakuna unachoweza kukata kikalizuia lisizaliwe.

Kwa nini basi mita yake ilishuka kutoka 2.6 hadi 1.9? Jibu moja linalowezekana ni upotevu. Kebo ndefu hula nguvu inayokwenda na inayorudi, na kwa hiyo huificha SWR mbaya. Chukua rola nzima ya RG-58 ya mita 100, uiache ncha ya mbali wazi kabisa bila antena yoyote, uipime kwenye megahezi 7: mita itakuonyesha karibu 2 na nusu, jambo ambalo mtu asiyejua atalifurahia ilhali hakuna hata wati moja inayokwenda angani. Lakini kipande chake ni cha mita 2 tu, na mita 2 za RG-58 kwenye masafa hayo hazipotezi hata sehemu ya kumi ya desibeli. Upotevu kwa hiyo tunauondoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kinachobaki ni mkondo unaotembea juu ya ngozi ya nje ya kebo. Kwenye masafa haya umeme wa redio hutembea juujuu ya shaba, kwa hiyo ule wavu wa kebo (nyuzi za shaba zilizosukwa kuuzunguka waya wa katikati) ni njia mbili tofauti: uso wake wa ndani unabeba kazi halali pamoja na waya wa katikati, na uso wake wa nje ni waya wa tatu wa antena ambao hakuna aliyeualika. Mkondo ukifika kileleni kutoka ndani ya wavu unakuta njia panda: uingie kwenye mkono wa antena, au ugeuke urudi chini kwa nje. Antena iliyosawazika na kebo iliyoshuka wima katikati yake hupunguza kishawishi hicho, lakini antena yenye mkono mmoja juu ya bati na mwingine kwenye mti haijasawazika hata kidogo. Mkondo unateremka kwa nje, unapita mita 18, unaingia kwenye sanduku la redio, kwenye waya wa umeme wa nyumba, na kwenye kipaza sauti. Ndiyo huo unaokuchoma mdomo. Ulipoongeza mita 2 ulirefusha antena yako kwa upande huo wa tatu, na ndiyo maana mita ikasema jambo jingine. Kwa sababu hiyo hiyo mguu wako chini ya meza unaweza kuuhamisha mshale.

Kwa hiyo swali la urefu sahihi nalijibu hivi: kwa antena yako na kebo ya omu 50, urefu sahihi ni ule unaofika. Na kama kila unapoongeza kipande SWR inaruka namna hii, ichukulie kama dalili, uanze kutafuta mkondo wa nje.

Masafa_Marefu

Marahaba Mwalimu. Umenigusa mahali, na sitaki kubisha kwa mazoea tu. Lakini nieleze kwa nini sisi tulikata kebo, maana hatukuwa tunapoteza muda. Redio zetu za valvu zilikuwa na vifundo viwili vya kurekebisha mzigo kwenye njia ya kutokea, na kwa vifundo hivyo ungeweza kuilisha antena ambayo redio za leo zinaikataa. Vifundo hivyo navyo vilikuwa na mipaka. Ilitokea kwamba kwa urefu fulani wa kebo kifundo kinafika mwisho kabla mzigo haujakaa, na ukiongeza mita mbili tatu unakipata katikati. SWR haikubadilika, nakubali. Kilichobadilika ni impidansi tuliyoikabidhi redio, na hiyo ndiyo iliyoingia ndani ya uwezo wa vifundo. Nadhani huko ndiko desturi ilikotoka, ikabaki hata baada ya vifundo vyenyewe kuondoka. Redio ya kijana wetu ni ya transista. Yenyewe ikiona SWR imezidi 2 hivi, inajipunguzia nguvu ili isiungue.

Mwalimu_Mpwapwa

Hapo umeeleza vizuri kuliko nilivyoweza, mzee wangu. Na bado kanuni hiyo iko hai kwa wanaotumia tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio), hasa wanaolisha antena kwa nyaya mbili sambamba zisizo na ganda. Louis Varney, Mwingereza mwenye alama ya mwito G5RV, alipobuni antena yake mwaka 1946 aliifanya waya wa mlisho kuwa sehemu ya antena: mita 31 na sentimita 10 za waya juu, na mita 10 na sentimita 36 za nyaya sambamba zikishuka, urefu ambao kwenye megahezi 14 ni nusu wimbi. Pale urefu una kazi yake iliyokusudiwa. Nusu wimbi la mzee Masafa nalo lina manufaa yake kwa mwenye kifaa cha kupimia impidansi, kwa kuwa atasoma chini kile kilichopo juu bila kupanda ngazi.

Fundi_wa_Nkuhungu

Salaam ndugu zangu. Nafunga madishi na antena hapa mjini, na Mwalimu amenirahisishia kazi kwa kueleza sababu. Mimi nieleze mikono ifanye nini.

Ile kebo iliyolala chini ya meza, mita 4 na nusu, ndiyo dawa yenyewe, isipokuwa imelala mahali pasipo pake. Ivute yote hadi juu kileleni. Tafuta ndoo ndogo ya plastiki yenye kipenyo cha karibu sentimita 24, izungushe kebo mara 6 kwa kuipanga mzunguko kando ya mzunguko kama uzi kwenye kigurudumu, usiirundike kama kamba ya kisima, kwa sababu mizunguko ikirundikana ule wa kwanza unakaribiana na wa mwisho na mkondo unapata njia ya kuruka. Ondoa ndoo, funga mizunguko mahali panne kwa tai za plastiki nyeusi (nyeupe jua la Dodoma litazikausha na kuzikata ndani ya kiangazi kimoja), kisha uitundike mara tu chini ya maungano ya antena. Mrunda ni mti, kwa hiyo hakuna tatizo. Kama ungekuwa umetumia bomba la chuma ningekuambia usogeze koili mbali nalo. Mkondo wa ndani ya kebo hautajua kwamba umezungushwa, lakini ule wa nje utakuta mlima. Mwenye kupata pete ya feraiti (kauri yenye sifa za sumaku) ya inchi 2.4, ile ya mchanganyiko namba 31 au 43, azungushe kebo hiyo hiyo mara 10 hadi 12 ndani yake. Ni ndogo zaidi na inafanya kazi kwenye bendi nyingi, lakini kwa bendi moja koili ya hewa inatosha na haigharimu kitu.

La pili ni bati. Kwa antena yako bati ni ardhi iliyopandishwa. Mkono unaopita mita moja juu ya bati ni kama umeutandaza mita moja juu ya udongo wenye maji, wakati mwenzake yuko hewani. Uondoe hapo kabla hujapima kitu kingine chochote, hata ikibidi pande zote mbili zisiwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nimeona antena zikikunjwa katikati hadi zikaonekana kama kiwiko na bado zikasikika Nairobi. Lakini iliyolala juu ya bati huwa inalalamika kila mvua inaponyesha.

Ukishafanya hayo, ndipo uitafute SWR ya kweli. Usipime kwenye 7.1 pekee. Pima kuanzia 6.8 hadi 7.3 kama una kifaa cha kupimia kinachotoa mawimbi yake chenyewe kama NanoVNA, maana kwa redio huruhusiwi kurusha nje ya 7.0 hadi 7.2 hapa kwetu. Tafuta masafa ambayo SWR iko chini kabisa. Nakisia utakuta chini ya 7, kwa sababu umetumia waya wenye ganda, na ganda la plastiki huifanya antena ionekane ndefu kuliko ilivyo. Tena ncha zako zimeshuka karibu na ukuta na majani, nazo zinaongeza. Antena ikiwa ndefu mno, tiba iko kwenye ncha zake.

Singida_Kwetu

Naomba niingilie kidogo, maana mada imenifika. Huku Singida RG-58 ni ya kutafuta kwa tochi, lakini waya wa dishi, RG-6 wa omu 75, uko kila duka la vifaa vya umeme. Mimi nimezungushia uwanja kitanzi cha wimbi zima, mita 43 za waya juu ya miti minne, na nimesoma kwamba kinahitaji kipande maalumu cha omu 75. Je, hapo urefu una maana, au na hapo ni ule unaofika?

Mwalimu_Mpwapwa

Hapo urefu una maana kubwa, ndugu yangu. Kitanzi cha wimbi zima huwa na impidansi ya omu 100 hadi 120 hivi, ambayo kwenye kebo ya omu 50 inakupa SWR ya zaidi ya 2. Ukiweka kati yake robo wimbi la kebo ya omu 75, hesabu inakuwa 75 mara 75 gawanya kwa 112, ambayo ni omu 50 na ushei. Unaona kwamba hapa SWR inabadilika kweli, na sababu yake ni kwamba kebo zenyewe zina impidansi mbili tofauti: kipande kimoja ni cha omu 75 na kinachofuata ni cha 50. Kwa kebo ya aina moja toka juu hadi chini mchezo huo haupo.

Urefu wake: 75 gawanya kwa 7.1 ni mita 10 na sentimita 56 angani, kisha uzidishe kwa uwiano wa mwendo wa kebo yako. Na hapa kuna mtego, kwa kuwa waya wa dishi una povu ndani badala ya plastiki nzito, na uwiano wake hauwi 0.66 bali huwa kati ya 0.8 na 0.85, kutegemea aliyeutengeneza. Usiamini maandishi ya ganda, upime. Kata mita 10 kamili, acha ncha moja wazi, unganisha nyingine kwenye kifaa cha kupimia, utafute masafa ya chini kabisa ambayo kebo inaonekana kama imegusanishwa waya na wavu, yaani karibu omu sifuri. Hapo kebo ni robo wimbi. Zidisha masafa hayo kwa 40, gawanya kwa 300. Mimi kwa rola niliyonunua sokoni nilipata megahezi 6.2, yaani 40 mara 6.2 ni 248, gawanya kwa 300 ni 0.83 kasoro kidogo. Kwa kebo hiyo kipande chako kingekuwa mita 8 na sentimita 75 hivi.

Jambo moja uliangalie dukani: kwaruza waya wa katikati kwa kisu. Nyingi kati ya hizi ni chuma kilichopakwa shaba, na wavu wake ni wa alumini. Alumini haishiki lehemu, utachoma hadi plastiki iyeyuke na bado itaachia. Tumia viungio vya kubana kama vya dishi, usijaribu kuichomea.

Mkazi_wa_Ilazo

Wakuu, nimerudi na majibu, na nawashukuru sana kwa subira mliyonayo kwa mgeni.

Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaanza, nilimwomba kijana wa jirani anishikie ngazi. Kwanza niliuondoa ule mkono juu ya bati nikaufunga kwenye mpera ulio nyuma ya nyumba, kwa hiyo sasa antena ina kona kileleni, lakini hakuna upande unaopita karibu na paa. Kisha nikazungusha kebo mara 6 kama Fundi alivyoelekeza, na nikaitundika chini ya maungano. Mita 4 na nusu ziliishia zote kwenye koili, na kebo iliyobaki ikafika kwenye redio ikiwa imenyooka kabisa, kana kwamba ilikuwa imepimwa kwa ajili hiyo.

Nikapima. Kwenye 7.1 SWR ilikuwa 2.3. Nikaunganisha kile kipande cha mita 2: 2.3. Nikakitoa: 2.3. Niliikunja kebo chini ya meza, nikaikanyaga, nikaishika kwa mkono mzima, mshale haukujua. Naweza kusema kwamba namba hiyo mbaya ilinifurahisha kuliko ile 1.9 ya mwanzo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mita na antena kuniambia jambo moja.

Kifaa cha kupimia nimeazima. Kilionyesha kwamba SWR iko chini kabisa kwenye megahezi 6.86, kama Fundi alivyokisia. Nikazidisha urefu wote, mita 20.6, kwa 6.86, nikagawanya kwa 7.1, nikapata mita 19.9. Ziada ni sentimita 70, yaani 35 kila upande. Sikukata, nilizikunja ncha zikarudi juu ya waya wenyewe na kuzifunga. Sasa chini kabisa ni 7.08, ambapo SWR ni 1.2, na kwenye 7.0 na 7.2 haifiki 1.6. Kipaza sauti hakinichomi tena. Saa nne asubuhi niliita, na kituo cha Mwanza kikanijibu kwa sauti safi, tukazungumza dakika 20.

Nina swali moja la mwisho. Sasa ni kiangazi na udongo huku ni mkavu kama unga. Mvua za Desemba zikifika, nitarajie namba hizi zibaki hapa?

Masafa_Marefu

Hongera sana kijana wangu. Zitasogea kidogo. Ardhi ikilowa, antena iliyo chini kiasi hicho huhisi, na maji yakikaa juu ya ganda la waya masafa yake hushuka kilohezi kadhaa kisha hurudi ganda likikauka. Acha ncha zako zikiwa zimekunjwa hivyo hivyo mpaka masika yapite, ndipo uamue kukata. Na wingu jeusi likionekana upande wa Mlimwa, chomoa kebo kwenye redio uitoe nje ya dirisha. Usingoje kusikia ngurumo.

Fundi_wa_Nkuhungu

Pongezi nyingi. Ulivyomtaja Desemba, umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulisema mapema. Pale kileleni ulipoitenganisha kebo, waya wa katikati kwenda huku na wavu kwenda kule, umeacha mdomo wazi. Maji yanaingia hapo na wavu unayanyonya kama utambi wa koroboi, mita baada ya mita, mpaka kebo nzima inageuka nyeusi ndani huku ganda la nje bado linang'aa. Nimefungua kebo ya msimu mmoja tu nikakuta shaba imekuwa ya kijani hadi mita ya tatu. Panda tena kabla ya mvua, uelekeze huo mdomo chini, uuzibe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na juu yake utepe mweusi wa umeme. Ukitumia silikoni, inuse kwanza: ile yenye harufu ya siki inakula shaba, tafuta isiyo na harufu hiyo. Na kule dirishani iache kebo iteremke chini ya tundu kisha ipande ndipo iingie, ili maji yadondokee nje.